Nywele Zangu Hazikuwa na Njaa

Usiku wa harusi ya binamu yangu pale Msambweni, kikuba changu kilianguka mara tatu. Kilikuwa kikuba kizuri: asumini mbichi, rihani, na mkadi uliokatwa vipande vyembamba, kimefungwa na shangazi yangu alasiri ile ile. Kila mwanamke niliyemwona alikuwa na chake kichwani, kimetulia. Changu nilikibana kwa pini mbili, kikateleza. Nikaongeza ya tatu, kikaondoka na pini zote. Mara ya mwisho kilidondokea miguuni kwa mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma yangu. Aliniokotea, akanitia mkononi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nywele zako ni nzuri, lakini hazina nguvu ya kubeba ua."

Nilirudi nyumbani na kikuba kwenye mkoba. Maneno yale yalinikaa, maana yalikuwa ya kweli, na maana nilikuwa nimezihangaikia nywele zile kuliko kitu kingine chochote mwilini mwangu.

Nywele zangu ni za singa. Bibi mzaa baba alikuwa na asili ya Kimanga, na ndiye niliyemrithi. Hapa Tanga mwenye nywele za singa akilalamika hasikilizwi. "Una nywele za Kiarabu, unataka nini tena?" Lakini singa nazo zina aina zake. Kuna singa nzito, ambazo kila unywele una unene wake, ukiziachia zinajaa mabegani. Na kuna singa nyembamba kama zangu, nyingi kwa hesabu lakini kila mmoja ni kama uzi wa hariri. Zinalala juu ya fuvu kama nguo iliyolowa. Utosi unakuwa bapa, masikio yanachomoza, na ukizibana nyuma unapata kifundo kisichozidi kokwa la embe. Zilikuwa zinafika kiunoni. Watu waliusifia ule urefu, na mimi nilipojitazama kwenye kioo niliona ubapa tu.

Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani zangu mbili Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Nalitaja hili mapema kwa sababu mengi niliyokuja kuyaelewa juu ya nywele niliyaelewa siku nilipoanza kuzitazama kama kitambaa, na ilinichukua miaka mingi kufika hapo ingawa kitambaa nilikuwa nakishika kutwa nzima.

Nyumbani kwetu mafuta ya nazi hayakununuliwa. Nazi zilitoka kwa ndugu zetu Pangani, zikakunwa kwenye mbuzi, tui likakamuliwa na kuchemshwa polepole mpaka mafuta yakajitenga, na sisi watoto tukagombania shata iliyobaki chini ya sufuria. Mafuta yalikaa kwenye chupa ya kioo dirishani. Kila asubuhi kabla ya shule mama alinikalisha chini katikati ya magoti yake, akamimina kiganjani, akanisugua kichwa mpaka nywele zikang'aa, kisha akanisuka mikia miwili. "Zinakula hizi," alikuwa akisema. "Nywele zikilala hivi zina njaa."

Niliyaamini maneno hayo mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto. Nywele zikilala, naongeza mafuta. Zikilala zaidi, naongeza tena.

Mtu ambaye angeweza kunifumbua macho mapema ni wifi yangu, kama ningemtazama vizuri. Yeye ni Mdigo, nywele zake ni za kipilipili, na tulikuwa tunachota kwenye chupa moja. Anapaka, anasuka, akifumua nywele zimejaa, laini, zimesimama kama taji. Mimi napaka mafuta yale yale na nazidi kunyong'onyea. Nilidhani yeye ana bahati, au ananificha kitu anachochanganya. Hakunificha kitu. Kichwa cha kila mtu hutoa mafuta yake chenyewe, kutoka kwenye ngozi. Kwenye unywele uliojikunja mafuta hayo hayafiki mbali, kila kona inayazuia, kwa hiyo huku chini nywele hubaki kavu na huhitaji kuongezewa. Kwenye unywele ulionyooka yanashuka moja kwa moja mpaka nchani kama maji yanavyoteremka kwenye waya. Siku moja tu baada ya kuosha, nywele zangu huwa tayari zimejipaka zenyewe. Juu ya hapo mimi nilikuwa namimina kijiko kizima.

Sitaki mtu asome hapa akaitupa chupa ya mama yake. Mafuta ya nazi yana kazi ambayo mafuta mengine hayaiwezi: huingia ndani ya unywele wenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha majaribio waliyolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakaona ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Kwa nywele kama zangu, lililokuwa na faida ni lile la "kabla". Siku hizi nayapaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kidogo, kuanzia usawa wa masikio kwenda chini, na utosini siweki hata tone. Asubuhi naosha yote yanatoka. Yaliyokwisha kuingia ndani yanabaki na kazi yake, na juu hakubaki mzigo.

Mambo yaliharibika kabisa nilipojifungua mtoto wa pili. Mwezi wa tatu nywele zilianza kutoka kwa mashada. Kitana kinajaa, mto asubuhi umejaa, naokota nywele kwenye shingo ya mtoto. Ndugu walisema ni jicho la watu, kwa vile urefu wake ulikuwa ukisemwa sana. Sikuyadharau maneno hayo, nami niliomba dua. Lakini hakuna aliyeniambia jambo ambalo kila mwanamke angestahili kuambiwa kabla hajatoka arobaini: kwamba wakati wa mimba nywele nyingi ambazo zingedondoka hubaki kichwani, na baada ya kujifungua huachia kwa pamoja, kwa kawaida kati ya mwezi wa pili na wa nne, na kwa wengi hurudi mtoto anapokaribia mwaka. Mtu mzima hupoteza kama nywele 50 hadi 100 kila siku bila kuugua chochote, kati ya takriban 100,000 alizonazo kichwani. Mimi nilikuwa nikizihesabu kwenye sakafu na kulia.

Nikazidisha kupaka. Nilipaka mafuta ya mnyonyo, mazito kama asali. Nilipaka ya habasoda. Nilipaka maji ya kitunguu mpaka mume wangu akahamia upande wa pili wa kitanda, naye hakusema neno. Nywele chache zilizobaki zilishikamana kama nyuzi za zulia chakavu na ngozi ikawa inaonekana katikati.

Aliyenisaidia alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, na hakuwa hata akinitibu mimi. Nilimpeleka mtoto kupimwa uzito. Akanishika mkono kunipa kadi, akaugeuza, akatazama kiganja changu, kisha akanivuta ngozi chini ya jicho. "Wewe mama umepima damu lini?" Nilipopima ilikuwa 9, na mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Nilipewa vidonge vya madini ya chuma, na nikakatazwa kuvimeza na chai, maana chai huyazuia madini hayo yasiingie mwilini. Mimi ni mtu wa chai ya rangi asubuhi, saa nne na alasiri. Nikavihamishia mchana, nikawa navimeza na chungwa, kwa kuwa chungwa husaidia chuma kuingia, na kwa machungwa ya Muheza sisi wa Tanga hatuna kisingizio.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona kina dada wanahangaika na mafuta ya bei kubwa huku wakipanda ngazi wanatweta. Nywele zikipungua ghafla, au zikipungua na uchovu usioisha, pima damu, na muulize daktari juu ya tezi ya shingo pia. Ukosefu wa damu haupakwi mafuta.

Nywele mpya zilichelewa kuonekana. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya nusu mwaka nilikuwa na vinywele vifupi vilivyosimama wima pembeni mwa paji la uso na utosini. Nami, kwa aibu, nikavilaza kwa mafuta. Leo naliona kosa hilo kuwa kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu vile vifupi vinavyosimama ndivyo vinavyozinyanyua zile ndefu zinazopita juu yake. Kila fundi anajua gauni halijai kwa kitambaa cha juu, hujazwa na kilichoko chini yake.

Kisha ikaja masika. Bomba lilikuwa halitoki siku ya tatu, na kisima chetu cha uani kina maji yenye chumvichumvi. Ukanda wetu huu ni wa matumbawe na mawe ya chokaa, jamii ya mawe ambayo maji yaliyatoboa yakawa mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi huja na madini hayo. Tangu utotoni najua sabuni haitoi povu kwenye maji ya kisima kile. Najua pia kwamba ukifulia nguo nyeupe hubaki na utando, na ukiacha ndoo na maji ya sabuni hujichora mstari mweupe pembeni. Sikuwahi kujiuliza mstari ule ukoje kichwani mwangu.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Niliacha bati lijisafishe vumbi, kisha nikakinga ndoo mbili na kuoshea nywele maji yale. Povu lilikuwa zito mno, nikadhani nimezidisha shampuu. Kuziosha sabuni ikatoka haraka. Nilikaa chini ya feni zikikauka, nikaendelea kutia vifungo kwenye shati la mteja, na baada ya muda nikahisi kitu kigeni: upepo ulikuwa unapita kwenye ngozi ya kichwa. Niliweka shati chini nikajishika utosi kwa mikono miwili. Nywele zilikuwa zimeinuka, kidogo tu, labda unene wa kidole. Nilikwenda kwenye kioo cha wateja nikasimama mbele yake muda mrefu.

Hakuna kitu nilichokuwa nimeongeza. Nilikuwa nimeondoa.

Tangu siku ile nilianza kufikiri kinyume. Maji ya mvua nayakinga kila yanapopatikana. Yasipokuwepo natumia ya bomba, na nikilazimika kutumia ya kisima namalizia kwa maji yenye siki, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja, nayamwagia mwisho kabisa kisha naosha kwa maji safi kidogo. Ukali ule huyeyusha utando wa sabuni na madini. Sabuni ya mche nimeiacha kwa nguo. Watu wengine hutumia ndimu badala ya siki, nami nilijaribu, ila maji ya ndimu yakikubakia kwenye paji la uso ukatoka juani huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Siki inanitosha. Kondishena naweka nchani tu, kiasi cha kijiko cha chai, nikizidisha zinarudi kulala siku hiyo hiyo.

Nilipomsimulia bibi yangu wa Tongoni, mzaa mama, habari ya maji ya mvua, hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza kwa nini sisi watoto wa mjini tumeacha mkunazi. Zamani wao waliosha vichwa kwa majani ya mkunazi: yanaanikwa kivulini mpaka yakauke, yanatwangwa, yanachekechwa kwa kitambaa, kisha unga unavurugwa kwa maji ya uvuguvugu mpaka utoe povu. Mimi nilisita. Kwetu majani ya mkunazi nayajua kwenye msiba, yanapotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Bibi alinitazama. "Maiti anaoshwa kwa kitu kizuri, mjukuu wangu. Wewe kwa nini ukikimbie?"

Nilikaa uani kwake, akanipaka mwenyewe kwa vidole vyake, akaniacha nusu saa, akaniosha ndoo nne. Lazima uoshe sana, ukiacha unga utaudondosha mabegani siku nzima. Zilipokauka hazikuwa na ule utelezi wa kila siku. Zilikuwa safi, na ukizipitisha vidole unahisi mkwaruzo mdogo, kama pamba mpya ambayo haijafuliwa. Na pini ilishika. Niliichomeka, nikatikisa kichwa, ikabaki. Bibi akacheka na kusema hiyo ndiyo sababu vikuba vyao havikuanguka.

Hina nayo ni ya bibi. Rangi ya hina hujishikiza kwenye protini ya unywele na kuuacha na mwili zaidi, na nywele nyembamba huufaidi mwili huo. Mimi nafanya mara moja kila baada ya miezi mitatu, si zaidi, kwa kuwa ikizidi hukausha na kukakamaza. Lakini iwe hina ya majani, ile ya kijani inayotoa rangi ya machungwa. Piko msipake kichwani, wala mikononi kwa kweli. Dawa nyeusi iliyomo imewatoa watu malengelenge, na nimemwona bibi harusi mmoja akiolewa na mikono iliyovimba.

Katikati ya haya yote kuna saluni moja iliyonitia hasara, sina haja ya kuitaja. Ilikuwa harusi nyingine, nikaomba nywele zijazwe. Dada alizichana kinyumenyume, kutoka nchani kurudi kwenye ngozi, akazibandika kwa dawa ya kupuliza mpaka zikawa kama kikapu. Usiku ule zilipendeza. Kuzifumua kulinichukua siku mbili na mafuta mengi, na kila nilipopitisha kitana nilisikia zikikatika. Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa kama makuti ya paa, kila moja linalala juu ya jenzake kuelekea chini ili maji yateremke. Ukichana kinyume unafanya kama mtu anayeyavuta makuti kwenda juu. Paa litavuja. Nywele nene huenda zikastahimili, nyembamba hazistahimili.

Nilipoingia saluni nyingine, Chumbageni, baada ya mwaka mzima wa kuogopa, dada mwenye saluni alizishika nywele zangu akazipima kwa vidole kabla hajaniuliza nataka nini. Alikuwa mdogo kwangu, aliniamkia na kuniita dada mkubwa. Kisha akasema, "Leo sikupaki kitu. Nitakuonyesha namna ya kuzikausha."

Aliziosha, akaziacha zikauke mpaka zibaki na unyevu kidogo tu, kisha akazigawa na kuzivingirisha kwenye rola kubwa. Za utosini alizivuta kwenda juu kabla ya kuvingirisha, juu kabisa kuelekea darini, wakati mimi siku zote nilikuwa nazivuta nyuma. Akanikalisha chini ya draya. Zilipokauka nikanyanyua mkono nitoe rola, akanizuia. "Bado zina moto, dada. Zisubiri zipoe."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake kupitia yangu. Marinda ya sketi huyafanyi kwa pasi kavu. Unalowesha kitambaa, unakikunja unavyotaka, unapiga pasi mpaka mvuke uishe, na kosa la fundi mchanga ni kukiinua kingali cha moto, marinda yote yanafunguka mikononi mwake. Kitambaa lazima kipoe mezani. Nywele ni vile vile. Ndani ya unywele kuna vifungo ambavyo maji huvilegeza, na maji yakitoka vinashika upya katika umbo lolote zitakalokuwa wakati huo. Zikikaukia zimelala, zimejifunga zimelala. Zikikaukia zimeinuliwa na zikapoa zikiwa zimeinuliwa, zimejifunga hivyo.

Basi nikakumbuka mazoea yangu ya miaka yote. Nilikuwa naoga alfajiri, naosha nywele, nazikunja zikiwa mbichi, navaa kofia ya ndani, nafunga mtandio kwa nguvu na kwenda kazini. Zilikuwa zinakaukia humo, zimebanwa kwenye fuvu, kwa muda wa saa saba kwenye joto la Ngamiani na jasho lake. Kila siku nilikuwa nazipiga pasi zilale. Kwa sisi tunaojisitiri hili ni jambo kubwa, na naona mabinti wengi wanalifanya kwa haraka za asubuhi. Sasa naosha usiku au siku nisiyotoka. Sivai kitu kichwani mpaka zikauke kabisa mpaka kwenye ngozi. Chini ya mtandio nazikusanya utosini, fundo legelege, nimeinamisha kichwa mbele wakati wa kufunga, halafu kofia nyepesi isiyobana. Nikifika nyumbani nikifungua fundo zinashuka zikiwa zimejaa. Mume wangu ndiye wa kwanza kuliona hilo, na wa kunisifia.

Watu huniuliza nywele za mwanamke anayejifunika zijae kwa ajili ya nani. Swali hilo huulizwa na asiyejua nyumba zetu. Kuna mume, kuna sherehe za wanawake watupu, kuna dada zangu na mashoga zangu, kuna kioo changu mwenyewe asubuhi.

Lililobaki lilikuwa ni urefu, na hili lilinichukua miezi kuliamua. Dada wa Chumbageni alilitaja mara moja tu, hakulirudia. Lakini nilikuwa nalijua mwenyewe. Ukichukua kitambaa chepesi ukakishonea pindo refu na zito, bega litavutwa chini, hata ukate vizuri namna gani. Nywele zangu zilikuwa zinajivuta zenyewe kutoka kiunoni mpaka utosini. Nilimwambia azikate chini kidogo ya mabega, na nchani azikate mstari mmoja ulionyooka. Alikubali, akaniambia kuzikata nywele nyembamba kwa ngazi nyingi, urefu tofautitofauti, huzila, zinabaki kama mkia wa panya kwa chini.

Zilipoanguka sakafuni sikuzitazama. Kichwa kilikuwa chepesi mpaka shingo ilishtuka. Mama hakusema nami vizuri siku mbili. Zile ni nywele alizozilea kwa mikono yake, kila asubuhi, miaka yote ile, na nilijua ninachomkata. Siku ya tatu alikuja kibandani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia nivue mtandio. Alitia vidole vyake vyote kwenye nywele zangu, karibu na ngozi, akavizungusha polepole kama alivyokuwa akifanya zamani, safari hii mikono ikiwa mikavu. "Zimekuwa nyingi," alisema. Nikamwambia ni zile zile. Akanyamaza, kisha akaomba nimwonyeshe maji ya siki.

Mambo madogo nayapitia tu. Njia ya nywele naihamisha, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, kwa sababu nywele zikizoea kulala upande mmoja zinabapa hapo hapo. Siku ya pili baada ya kuosha natia poda kidogo utosini usiku, inyonye mafuta nikiwa nimelala. Udi nafukiza nikiwa nimeinamisha kichwa juu ya chetezo kwa mbali, nywele zikining'inia, na zinapata harufu na hewa kwa pamoja.

Mwezi wa nne huwa najua mapema kwamba nitashindwa. Mvua ikitanda na hewa ikawa nzito, unyevu unaingia ndani ya unywele na kuvilegeza vile vifungo, na nywele nilizoziweka rola asubuhi huwa zimeshuka ifikapo adhuhuri. Pwani ni pwani. Siku hizo siwashi draya wala sihangaiki. Na kama kuna harusi, nafanya kile alichonionyesha bibi wa Tongoni mwaka huu, alipoona bado nakishika kikuba kwa wasiwasi. Alichukua nywele za chini ya utosi, kiasi cha kidole, akasuka ukili mmoja mdogo ulioibana ngozi, akaufunika na nywele za juu zilizooshwa kwa mkunazi. Kisha akaipitisha pini chini ya ule ukili, kikuba kikakaa juu yake. Nilicheza msondo usiku kucha Makorora, mvua ikipiga kwenye mabati, na niliporudi alfajiri nilikitoa mwenyewe, asumini zimeshanyauka.